Baada ya Kuanua Tanga

Watu wa ng'ambo ya Mombasa hatuna shida ya kuzika. Simu ikilia alfajiri Mtongwe kwamba fulani hatunaye tena, adhuhuri haijaingia turubai limeshafungwa, majamvi yametandikwa, vijana wako maziarani na majembe, kina mama wamehamia jikoni kwa jirani, na yule mliyekuwa hamsemezani tangu Ramadhani ndiye anayekimbilia kubeba jeneza. Chaani na Magongo, ambako nyumba nyingi zina kwao bara, kamati hukaa jioni hiyo hiyo. Mweka hazina anateuliwa, kundi la WhatsApp linafunguliwa, na michango inasomwa kwa majina mpaka siku mwili unapotoka mochari kwenda Machakos, Vihiga au Siaya. Kwa kazi hiyo hatuhitaji mwalimu.

Tunapokosea ni baada ya hapo. Khitma ikishasomwa, au basi likisharudi kutoka bara, turubai hufunguliwa, viti vya kukodi hurudishwa, na aliyefiwa huachwa na nyumba iliyonyamaza, deni la duka, na viatu vya marehemu bado viko mlangoni. Ni wakati huo, ganzi ya siku za kwanza inapomtoka, ndipo anapoanza kuelewa kilichompata, nasi tumeshakwenda zetu. Kwa hivyo ninayoshauri hapa yanaelekea upande mmoja: tupunguze mbio za wiki ya kwanza, nguvu tutakazookoa tuziweke katika miezi inayofuata.

Nazungumzia hasa vifo vya ghafla, kwa kuwa upande huu vimetuandama. Ijumaa tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi ikiwa imejaa watu waliokuwa wakienda kazini kisiwani, na watu 272 wakapoteza maisha karibu kabisa na ufuo. Jumapili tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka MV Harambee kwenye kivuko cha Likoni, likazama na mama na bintiye wa miaka minne. Jamaa zao walingoja hadi tarehe 11 Oktoba ndipo wapiga mbizi walipolitoa, kutoka kina cha karibu mita 58. Mbali na misiba hiyo inayojulikana nchi nzima kuna ile isiyotangazwa: bodaboda iliyoingia chini ya lori la kontena, moto wa usiku katika nyumba za mabati, kijana aliyepigwa risasi Kisauni, binti aliyekwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani akarudishwa ndani ya sanduku. Kifo cha mgonjwa wa siku nyingi huuma, ila hubisha hodi. Cha ghafla hakibishi. Asubuhi mmegombania bafu, jioni unaitwa mochari umtambue.

Aliyepata habari ya namna hiyo hupigwa mwili na akili pamoja. Atatetemeka, atauliza swali lile lile mara tano, huenda akacheka, huenda akashika ufagio akaanza kufagia uani. Usimshangae wala usimnong'one. Asiyelia hana moyo mgumu kuliko anayegaragara. Kila mtu na mwili wake. Mtoe kwenye msongamano, mkalishe, mpe maji, mfunike kama anahisi baridi. Halafu uliza jambo ambalo watu husahau: ana sukari? Ana presha? Dawa zake ziko wapi? Nyumba inapojaa watu, mama mwenye sukari anaweza kupitisha siku mbili bila dawa wala chakula, kila mmoja akidhani mwingine amemwangalia.

Kazi za siku ya kwanza zigawiwe watu watatu, na wote watatu wasiwe wa karibu sana na marehemu. Mmoja akae na mfiwa asibanduke. Mmoja ashughulike na polisi, hospitali na makaratasi. Wa tatu ashike simu na awe ndiye msemaji wa nyumba. Huyu wa tatu tunampuuza, na ndiye anayeokoa watu. Bila yeye, kila mgeni anayeingia humwendea mama na kumwuliza, “Ilikuwaje?” Mama anaanza upya kusimulia jinsi mwanawe alivyotoka nyumbani, alivyovaa, simu iliingia saa ngapi. Kufikia magharibi ameshalipitia tukio mara thelathini, si kwa kutaka kwake. Mfiwa akipenda kusimulia, msikilize hata usiku kucha. Asipopenda, usimchimbe. Zamani washauri wa maafa katika nchi nyingi waliamini kwamba ni lazima manusura aketishwe mapema asimulie yote ili apone. Utafiti wa baadaye haukuona faida yake, na siku hizi mashirika ya misaada yanashauri kinyume.

Wa makaratasi naye ana safari. Kifo cha ajali au cha kutatanisha kinapita polisi, hivyo achukue nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, na aitunze. Kifo kilichotokea nje ya hospitali huripotiwa kwa naibu wa chifu. Kibali cha mazishi kinatakiwa kabla ya kuzika, na mara nyingi polisi watataka daktari aupasue mwili kwanza ajue sababu. Hapo ndipo kwenye mvutano kwa sisi Waislamu tunaotaka kuzika siku hiyo hiyo. Ushauri wangu ni kwamba asitumwe kijana mwenye hasira. Atumwe mtu mzima mtulivu, afuatane na mmoja wa msikitini aliyewahi kupitia njia hiyo, waombe ifanywe haraka. Kuzika kwa nguvu bila uchunguzi kumewagharimu watu baadaye, walipotaka fidia au haki mahakamani na hawana cha kuonyesha. Kisha kifo kiandikishwe mapema. Ikipita miezi 6, msajili hawezi kuandikisha bila idhini ya mkuu wake, na bila cheti cha kifo mjane hafungui mlango wowote: si wa benki, si wa NSSF, si wa mahakama ya mirathi.

Je, jamaa waoneshwe mwili ulioharibika? Wazee wetu hujibu haraka: “Mama asione.” Nawaelewa, lakini siungi mkono amri hiyo ikitolewa bila yeye kuulizwa. Wengi waliozuiwa hubaki na picha ya kubuni iliyo mbaya kuliko ya kweli, na wengine hubaki na shaka kwamba pengine aliyezikwa si mtu wao. Mwelezeni kwanza kwa maneno yaliyo wazi atakachokiona, mwambieni anaweza kuona mkono tu au kuushika mwili ukiwa umeshafunikwa, kisha achague mwenyewe. Na mtu yeyote asipelekwe kutambua mwili peke yake.

Jambo la simu nalisema kwa ukali kidogo. Gari lile la mwaka 2019 lilipigwa video likizama, na video ikazunguka nchi nzima siku hiyo hiyo. Fikiria wewe ndiye mume, au ndiye mama mzazi, unafungua kundi la familia ukutane nayo. Ukitumiwa picha ya maiti au ya ajali, ikatike kwako. Usiseme unaituma ili watu waombe dua. Dua haihitaji picha. Na jina la marehemu lisiandikwe mtandaoni kabla hujajua kwamba watoto wake wameshaambiwa.

Sasa maneno. Tunapoogopa kimya hukijaza kwa misemo: kazi ya Mungu haina makosa, Mungu amempenda zaidi, utapata mwingine, jikaze una watoto. Sisemi imani iachwe nje ya mlango wa msiba. Kwa wengi wetu ndiyo nguzo pekee iliyobaki. Ila iache itoke kinywani mwa mfiwa mwenyewe, wewe uitikie. Wakristo wanawakumbuka marafiki wa Ayubu: walikaa naye chini siku saba bila neno, na kosa lao lilianza walipofungua midomo kumfafanulia kwa nini yamempata. Kwa Waislamu inatosha kujua kwamba Mtume alimlilia hadharani mwanawe Ibrahim, ili yule anayemwambia baba aliyefiwa mtaani Shika Adabu “mwanamume halii” atafute ushahidi kwingine. Sema “makiwa” au “pole”, kaa. Mtaje marehemu kwa jina lake. Ukiwa na kumbukumbu njema naye, isimulie: alikusaidia kusukuma mkokoteni, alikuwa anakutania juu ya timu yako. Watu huepuka kumtaja wakidhani wanamsaidia mfiwa asahau, na mfiwa anaona mtu wake amekufa mara ya pili.

Kuhusu chakula tumeyapindua mafundisho. Habari za kuuawa kwa Jaafar bin Abi Talib zilipofika Madina, Mtume aliagiza watu wawapikie jamaa zake, kwa kuwa walikuwa na jambo la kuwashughulisha. Yaani jirani ampikie mfiwa. Leo mfiwa ndiye anayetafuta mchele na mbuzi ili watu mia mbili wale pilau, na akipika mbaazi husemwa. Upande wa wenye kwao bara mzigo ni mwingine: mochari inahesabu siku, jeneza, basi, chakula cha barabarani, chakula cha huko. Mjane anarudi Changamwe baada ya wiki mbili na kukuta kodi ya miezi miwili. Pendekezo langu kwa kamati zote ni moja, na najua halitapendwa: theluthi ya mchango iwekwe kando tangu siku ya kwanza, isiguswe kwa mazishi, itangazwe wazi kuwa ni ya karo na kodi. Ikibidi, jeneza liwe la bei nafuu na basi liwe moja. Mweka hazina asome hesabu mbele ya watu, hata kama ni ndogo, maana fitina ya pesa za matanga huvunja familia wakati inapohitajiana zaidi.

Kuna msiba ambao turubai lenyewe halijui lifungwe lini. Zile siku za Septemba na Oktoba 2019, kabla gari halijatolewa majini, jamaa walikuwa wamefiwa na hawajafiwa. Hali hiyo wanaijua pia wazazi wa binti aliyenyamaza ghafla Riyadh, na wake wa wavuvi wasiorudi. Wanaijua zaidi familia zilizochukuliwa vijana wao na watu wasiojulikana. Shirika la Haki Africa lilitoa ripoti mwaka 2016 yenye visa 81 vya Pwani tangu 2012, vya mauaji na vya kupotezwa. Kati ya hivyo, 24 ni vya watu waliotoweka. Mtafiti wa Marekani, Pauline Boss, ambaye alianza kwa kuchunguza familia za wanajeshi waliopotea katika vita vya Vietnam, ameeleza kwamba uchungu wa aina hii hauishi kwa sababu hauna pa kuanzia, na kwamba kosa kubwa la watu wa nje ni kumlazimisha mfiwa aamue: kubali amekufa, au kaza moyo yu hai. Usimlazimishe. Mama anayesema leo “Mwanangu atarudi” na kesho “Mwanangu ameshauawa” hajachanganyikiwa. Anabeba yote mawili.

Unachoweza kumsaidia ni kazi za mkono. Mwandikie tarehe zote: alipoonekana mwisho, kituo gani cha polisi, nambari ya OB, nani alijibu nini. Fuatana naye hadi Haki Africa au MUHURI, mashirika yaliyozoea kesi hizi. Kama kifo kimethibitika lakini mwili haukupatikana au umezikwa ugenini, madhehebu ya Shafi tunayoyafuata Pwani yanaruhusu sala ya jeneza kwa asiyekuwepo, na makanisa nayo hufanya ibada ya kumbukumbu. Shughuli ya namna hii humpa mtu siku ya kuilia. Kama hakijathibitika, msimsukume kuisali. Kisheria, Sheria ya Ushahidi ya Kenya inaruhusu mtu ahesabiwe amekufa akiwa hajasikika kwa miaka 7 na wale ambao wangepaswa kumsikia. Ni muda mrefu, na mke anahitaji kuelezwa mapema ili asiishi kwa kubahatisha.

Na kuna msiba wa aibu. Kijana aliyeuawa akidaiwa kuwa wa genge la mapanga, aliyekufa kwa unga wa kulevya, aliyejitoa uhai. Turubai lake huwa na watu wachache, na hao wachache wanasemea chini. Mama yake hana ruhusa ya kulia kwa sauti, kwani mtaa umeshatoa hukumu. Ukitaka kupima utu wako, nenda kwa huyo. Huhitaji kutetea alichofanya marehemu. Mama alimzaa mtoto, hakuzaa kesi. Jamaa za aliyejitoa uhai wasihojiwe kana kwamba kuna aliyekuwa na ufunguo akakataa kufungua. Wanajiuliza wenyewe usiku na mchana.

Watoto nimewaweka hapa, ila kwa kweli wao ndio wa kwanza. Tunawaondoa, tunawapeleka kwa shangazi Mtopanga wakacheze, tunawaambia baba amesafiri. Mtoto wa Likoni aliyeambiwa mama amesafiri atasimama kila siku aangalie feri inayoshusha watu, maana huko ndiko wasafiri wanakotokea. Mwambieni kwa neno lenyewe: amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hahisi maumivu, hatarudi. Aambiwe na mtu anayempenda, akiwa amekaa karibu naye. Msimwambie amelala, ataogopa kulala. Mtoto mdogo atalia dakika tano, aombe chapati, atoke akacheze, kisha arudi kuuliza, “Sasa atarudi lini?” Mjibu tena vile vile bila kuchoka. Mwambieni waziwazi kwamba si yeye aliyesababisha. Watoto huficha hatia za ajabu, kwamba jana alimjibu mama vibaya. Akikojoa kitandani tena, au akigandana na mzazi aliyebaki, hiyo ni hofu, si utundu. Mwalimu wake ajulishwe kabla hajarudi darasani. Ukikwama, nambari 116 ya Childline Kenya hupigwa bila malipo.

Mjane anastahili ulinzi wake. Eda ni miezi minne na siku kumi, au hadi ajifungue kama ni mjamzito, na kwa asili ni muda wa mwanamke kuachiwa nafasi. Nimeona ikigeuzwa kuwa muda wa watu kupima shamba akiwa hawezi kutoka. Asitie saini karatasi yoyote ndani ya matanga, hata ikiletwa na shemeji anayelia. Kitambulisho cha marehemu, laini yake ya simu, hati ya ploti na vyeti vya watoto viwekwe mahali pamoja na mtu mmoja anayeaminika. Mirathi ya Waislamu husikilizwa katika Mahakama ya Kadhi pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Wengine huenda mahakama za kawaida. Hakuna mahali ambapo kikao cha ukoo usiku wa tatu ni mahakama.

Sasa tufike kwenye miezi. Huenda umesikia kwamba huzuni ina hatua tano na mtu huzipanda moja baada ya nyingine. Elisabeth Kübler-Ross aliyeziandika mwaka 1969 alikuwa amezungumza na wagonjwa waliokuwa wakifa wenyewe, si na waliofiwa. Usimpime mtu kwa ngazi hiyo. Ukweli unaoonekana majumbani ni kwenda na kurudi: leo mfiwa anashughulika na karo na gesi, anacheka kwenye kipindi cha redio, kesho harufu ya shati inamwangusha kitandani. Watafiti wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, wameeleza kwamba kupokezana huko ndiko kunakomsaidia mtu kustahimili, kwa hiyo usimsute siku anayocheka wala usimharakishe siku anayolia. Na kama mfiwa ni wewe, kula hata kama ni uji, toka nje kabla ya jua kuwa kali, usifanye uamuzi mkubwa wa kuhama au kuuza kitu mwaka huu ikiwa unaweza kuusogeza. Wanaume nawaomba wasikimbilie mnazi na miraa ili usingizi uje au usije. Kazini, likizo ya msiba hutegemea mkataba au moyo wa mwajiri, na kibarua asiyefika hana mshahara, kwa hivyo wenzake wakubaliane kumshikia zamu.

Tarehe nazo hurudi. Familia za Mtongwe zinaijua Aprili inavyoingia na mvua za masika. Sikukuu ya kwanza bila mtu, siku ya matokeo ya mitihani, siku ya kuzaliwa. Usingoje mfiwa akumbuke peke yake. Mpigie asubuhi hiyo.

Waliofiwa majini wana adhabu nyingine: njia ya kazini ni ile ile. Mtu akiingiwa na kiwewe anapofika kwenye kivuko, usimburute wala usimcheke. Anaweza kuanza kwa kuketi juu, mbali na maji, na mtu anayemwamini, kisha siku nyingine ashuke hadi kwenye foleni, siku nyingine avuke akiwa ameshikwa mkono mchana watu wakiwa wachache. Asiyeweza kabisa ana barabara ya Dongo Kundu, inayotoka Miritini hadi upande wa kusini bila kupanda feri, ingawa kwa nauli na muda si njia ya kila siku ya mfanyakazi. Lengo ni avuke tena siku moja, kwa kasi yake.

Mara nyingine huzuni hukwama. Shirika la Afya Duniani sasa linaitambua hali hiyo kuwa ugonjwa: uchungu mkali unaoendelea kila siku kwa zaidi ya miezi 6, kupita kiasi ambacho dini na mila ya mtu mwenyewe inakitarajia, hadi hawezi kulea, kufanya kazi wala kujiangalia. Usingoje miezi hiyo ikiwa anasema afadhali na yeye angekuwa kaburini, anagawa vitu vyake, anasikia sauti zikimwamuru, au amekataa kula. Muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Mara nyingi linampa nafuu kwamba hatimaye kuna aliyeuliza. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, vidonge na kamba viondolewe, na apelekwe hospitali siku hiyo. Hofu ya kushtakiwa isiwazuie: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumshtaki mtu kwa jaribio la kujiua ni kinyume cha Katiba. Hospitali ya Port Reitz iliyoko Changamwe ina huduma za afya ya akili, na ile ya rufaa ya Pwani, tunayoiita Makadara, iko kisiwani. Msalaba Mwekundu wanapatikana kwa 1199. Kama familia inataka pia kisomo au maombi, yafanyike; kinachokatazwa ni kumfunga mtu kamba na kumnyima dawa kwa jina la pepo.

Ombi langu kwako msomaji ni dogo na lina tarehe. Mtaani kwako, iwe Bofu, Mwandoni au Mikindani, kuna nyumba iliyofiwa mwaka huu na wewe ulikula pale. Hesabu imepita miezi mingapi. Mpigie leo, na usimwulize kama anahitaji chochote, kwa sababu atasema hapana. Mwambie Jumamosi saa nne utakuja na unga na mboga, utampeleka mtoto kinyozi, na utakaa hadi alasiri. Kisha ufike.